Maswali Kumi na Mawili kwa Mfinyanzi wa Wamaza

Kuna wasomaji ambao wakikutana na habari kama hii hukimbilia mwisho kwanza, waone kama msimuliaji atakiri kwamba alikuwa anaota. Nikuokolee muda wako. Sikuota. Sikuwa na homa, sikuwa na njaa, pombe sijawahi kuionja, na ilikuwa mchana kweupe, saa nane, jua linawaka. Mtu niliyesafiri naye yupo hai, anaendesha pikipiki yake hapa Kasongo kila siku ya Mungu. Ukimkuta muulize. Atacheka kwanza, kisha atakusimulia, na akifika mahali fulani utasikia sauti yake inashuka.

Mimi ni mama wa Kasongo, wa familia ya Kiislamu ya hapa mjini. Mchana nauza vitambaa na nyuzi katika duka dogo la mume wangu. Alfajiri, baada ya swala, kabla nyumba haijaamka, naandika. Ninachoandika ni michezo ya redio, nusu saa kila Jumamosi, katika redio moja ndogo ya mtaani. Sisemi kwamba ni kazi kubwa. Lakini Jumamosi hiyo ikifika, sokoni wanapunguza kelele, na mimi nikipita naona kabisa kwamba wanapunguza kelele kwa ajili yangu. Wewe ungekataa raha kama hiyo?

Mwaka huu niliamua kuandika juu ya mwanamke mfinyanzi. Shida ni kwamba sijawahi kuona chungu kikifinyangwa. Kwetu tumekua na sufuria na bidoni, yale madumu ya plastiki. Nikaiuliza simu. Nilikuwa na ile akili bandia ya kwenye simu, ambayo vijana wa hapa wanaiita IA. Mpwa wangu ndiye aliyeniwekea. Ilikuwa imeshanisaidia sana. Nilipoandika juu ya mrina asali ilinieleza jinsi nyuki wanavyogawanyika na malkia wao, na warina asali wenyewe walipiga simu redioni kunipongeza. Kwa hiyo niliiamini kama mtu anavyomwamini jirani aliyesoma.

Kosa lilikuwa langu. Rezo, yaani mtandao wa simu, ilikuwa inakwenda na kurudi, nikaandika haraka mstari mmoja: mfinyanzi anatengenezaje chungu? Sikusema mfinyanzi wa wapi. Jibu likaja limejaa: gurudumu linalozunguka, kanyagio la mguu, tanuri la umeme, rangi ya kung'arisha. Nikalichukua lote. Jumamosi ikafika, na shujaa wangu, mwanamke wa kijiji kilicho nyuma ya Wamaza, upande wa Kabambare, akakanyaga kanyagio, mota ikanguruma, chungu kikazunguka.

Jumapili nilikwenda sokoni. Mama mmoja muuza samaki wakavu, mtu wa Kabambare, aliniangalia kwa upole kabisa akaniuliza, "Mama wa redio, ule mufinyanzi wako anatoaka umeme wapi? Utuambie na siye tukachajie simu."

Soko lote lilicheka. Nilicheka nami, ningefanyaje? Lakini wiki nzima jina langu lilikuwa Mama Umeme, hata kwa watoto wanaotumwa dukani kununua uzi. Mkuu wa redio aliniita. Ni mtu mstaarabu, hakupaza sauti. Alisema kwamba wasikilizaji wa Kabambare wamemwandikia, kwamba watu hawapendi kuona maisha yao yakisimuliwa na mtu asiyeyajua, na kwamba Jumamosi tatu zijazo ataweka muziki mahali pangu. Baada ya hapo ataona kama anirudishe. Nilirudi nyumbani nimenywea. Mume wangu alisema niandike juu ya vitambaa, hivyo navijua. Alisema kwa mapenzi, lakini nilikasirika siku mbili.

Siku ya tatu niliishika tena simu, safari hii bila haraka. Niliiambia kila kitu: niko Kasongo, mfinyanzi wangu yuko upande wa Wamaza, umeme hakuna, wanawake wanafinyanga kwa mikono. Ikanijibu vingine kabisa. Ilisema kwamba jibu la kwanza lilikuwa la karakana za namna nyingine. Ikaeleza kwamba katika vijiji vingi vya Afrika ya kati wanawake hupandisha chungu kwa kamba za udongo, huchanganya udongo na vigae vilivyotwangwa ili usipasuke, na huchoma vyungu uwanjani kwa nyasi na magome. Halafu ikasema jambo lililonishangaza: kuhusu Wamaza yenyewe haijui kitu cha hakika, maandishi ni machache mno, na chochote itakachosema kitakuwa cha kukisia. Afadhali niwaulize wanaofanya kazi hiyo.

Nikaiuliza, basi niwaulize nini? Maana kuuliza nako kunahitaji kujua. Tukakaa, mimi na simu, tukatengeneza maswali kumi na mawili. Unajuaje kwamba udongo ni mzuri kabla hujaufinyanga? Chungu kinakauka wapi, na siku ngapi? Mkono unafanya nini ndani wakati mwingine uko nje? Mambo ya namna hiyo. Niliyanakili yote kwenye daftari, kwa sababu ukiacha Kasongo rezo ni ya kubahatisha.

Safari nilifanya na Amuri, binamu wa mume wangu, mtu mzima mwenye ndevu na watoto watano, dereva mzuri asiyependa maneno mengi. Tulilala Lusangi kwa jamaa. Kesho yake barabara ilikuwa tope tupu, mara napanda, mara nashuka nasukuma, na nguo yangu nzuri niliyovaa ili niheshimike Wamaza ilikuwa na rangi moja na barabara. Saa nane, tukiwa tumebakiza kama mwendo wa saa moja kwa miguu, mnyororo wa pikipiki ukakatika. Amuri alisema nitangulie taratibu, njia ni moja, akimaliza kuufunga atanikuta mbele.

Nikatangulia. Nilitembea labda robo saa. Njia inashuka hapo kuelekea kijito chembamba, na upande wa kulia pana jiwe bapa. Karibu na jiwe alikaa bibi mmoja, miguu ameinyoosha, anafinyanga.

Niambie kama wewe usingefurahi. Nimetoka Kasongo kutafuta mfinyanzi, na mfinyanzi huyu hapa, kabla hata sijafika!

Nilimsalimu. Aliitikia bila kuinua kichwa, akaniambia nikae juu ya jiwe kwa sababu chini palikuwa na unyevu. Alikuwa bibi mdogo wa mwili, kitambaa cha bluu kichwani, na kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikosa pingili ya juu. Alikuwa akicheka anajifunika mdomo kwa mgongo wa mkono ili udongo usimpake. Nasema alikuwa akicheka kwa sababu alicheka sana. Nilipomweleza kisa cha kanyagio na mota alicheka mpaka akaegemea nyuma.

Nikatoa daftari. Akauliza ni nani alinifundisha maswali hayo. Nikamwambia ukweli, ni simu. Nilifikiri atanidharau. Alifikiri kidogo, akisokota kamba ya udongo baina ya viganja, akasema, "Imeuliza muzuri. Yenyewe haina mikono, njo maana inauliza. Ungekuja na majibu, ningekufukuza."

Akajibu maswali yote, moja moja. Alichukua kiganja changu akanionyesha jinsi udongo mzuri unavyojikunja juu ya kidole bila kuchanika. Alionyesha mkono wa ndani unavyosukuma na wa nje unavyozuia, akasema ni kama wanandoa wawili wanaopendana, hakuna anayeshinda. Nilipofika kwenye swali la kupasuka, akaacha kufinyanga. Alisema vigae vya nyungu kuukuu vitwangwe, vichekechwe, konzi moja kwa konzi tatu za udongo. Na nyungu ikisha kufinyangwa isianikwe juani. Ikae ndani, juu ya jiko, ipate moshi siku saba.

"Feza anaanika juani," alisema. "Anaharakisha. Namuonaka."

Nikauliza Feza ni nani. Mtoto wake, alisema, yuko Wamaza, nyumba ya pili baada ya kanisa la matofali. Nikafurahi tena: nimepata na mwenyeji. Wakati huo alikuwa amesogea kijitoni kunawa. Mikono ilikuwa imejaa udongo mpaka kwenye viwiko. Aliiingiza majini, akasugua, na mikono ikatoka safi. Maji hayakuchafuka. Niliyaona kwa macho yangu, yakipita chini ya mikono yake meupe kama yalivyokuja. Na unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, kumbe udongo mzuri ndivyo ulivyo. Niliandika hata kwenye daftari! Mtu anayetafuta habari mpya huwa mjinga kwa namna hiyo: kila kitu anakichukua kuwa ni somo.

Kwa mbali nikasikia pikipiki inawaka. Bibi akafungua ncha ya kitenge chake, akatoa kijiwe cheusi, laini kama yai, akanitia katika kiganja cha kulia na kukifunga kwa mikono yake miwili. Kilikuwa baridi. Si baridi ya maji ya kijito. Baridi ya kitu kilichokaa muda mrefu mahali pasipo jua.

"Umupe Feza," alisema. "Ni la kulainishia nyungu, ni la kazi, alirudishe ku kazi. Na umuambie neno hili: yeye hakuchelewa. Ni miye niliwahi."

Nikakitia nguoni, nikaandika. Nikageuka kumpungia Amuri aliyekuwa anateremka, na nilipogeuka tena bibi hakuwepo. Nyasi za pale ni ndefu, nikadhani ameingia kichakani kwa haja zake, nikamshukuru kwa sauti kubwa na kupanda pikipiki. Amuri hakusema kitu. Hilo likumbuke.

Nyumba ya pili baada ya kanisa tuliiona bila kuuliza. Feza alikuwa mbele ya mlango na kimeza chake cha chumvi, sabuni na viberiti. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, mnene kidogo, mchangamfu. Alitupa viti, akatupa maji, na aliposikia mimi ni yule mama wa redio alijaribu kuzuia kicheko akashindwa. Kumbe na Wamaza mota yangu ilikuwa imesikika.

Nami, ili nijitetee, nikasema kwamba sasa najua kazi yenyewe, kwani nimetoka kufundishwa na mama yake pale kijitoni.

Kicheko kikakatika. Aliniuliza, polepole, mama gani. Nikamweleza: mdogo wa mwili, kitambaa cha bluu, anajifunika mdomo hivi akicheka. Nikaonyesha na kidole kile kilichokosa pingili. Wifi yake, aliyekuwa anapepeta mchele pembeni, aliweka ungo chini, akaingia ndani na kufunga mlango. Feza hakukimbia. Alinishika mkono kama unavyomshika mgonjwa, akanipeleka nyuma ya nyumba, Amuri akitufuata, akaniambia kwa heshima kwamba labda nimemkuta bibi mwingine. Mama yake, Kashindi, aliyekuwa mfinyanzi wa mwisho wa Wamaza, alikufa miaka minne iliyopita.

Nilitoa kile kijiwe nguoni, nikafungua kiganja.

Feza alikiangalia kile kijiwe. Hakukigusa. Aliketi chini, pale pale penye majivu, na nguo yake safi.

"Hili niliweka miye," alisema. "Mu mukono wake wa kuume, mbele ya kufunga sanduku ya maiti. Walikuwa wamegeuka kuimba. Hakuna mutu aliona, hata bwana yangu sijamuambia."

Nikaketi naye majivuni. Na kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kufanya, nikafungua daftari na kumsomea lile neno kama lilivyo: yeye hakuchelewa, ni miye niliwahi.

Hapo akalia. Alilia kwa muda mrefu, na mimi sikujua kama nimefanya vizuri au vibaya. Alipotulia ndipo akanieleza. Mama yake alipougua, Feza alikuwa Kabambare. Habari zilimfikia, akaanza safari usiku ule ule, daraja lilikuwa limevunjika, akazunguka kwa miguu siku mbili. Alipofika walikuwa wanakaribia kufunga sanduku. Tangu siku ile hakupata amani. Alijaribu kuendeleza kazi ya mama yake, mara tatu, na mara zote tatu nyungu zilipasuka motoni, zote, hata moja haikupona. Watu wakaanza kunong'ona kwamba Kashindi ameondoka na hasira juu ya mtoto asiyekuja. Naye akaamini. Akaacha udongo, akaanza kuuza chumvi.

Amuri alikuwa amesimama nyuma yetu, kofia ya pikipiki mkononi. Feza akamuuliza yeye alimwonaje bibi. Amuri akakohoa. Akasema, kwa ile sauti niliyokuambia inashuka, kwamba hakuona bibi yeyote. Alikuwa amesimama juu ya mteremko kwa muda, ananiangalia. "Ulikuwa peke yako, shemeji. Unasema, unanyamaza, unacheka, unaandika. Nikafikiri unatengeneza mchezo wako. Sikutaka kukukata mawazo."

Nilimkasirikia kidogo kwa kunyamaza njia nzima. Lakini fikiria na wewe: ungemwambiaje mke wa binamu yako jambo kama lile, mkiwa wawili tu njiani?

Tulirudi kijitoni wote watatu, na majirani wengine nyuma yetu kwa umbali wa heshima. Jiwe bapa lilikuwepo. Nyayo zangu zilikuwepo, na alama ya mahali nilipokaa. Pale alipokaa yeye nyasi zilikuwa zimesimama wima, hazijalaliwa. Mzee mmoja wa kanisa akaomba. Nami nikasoma dua yangu kimoyomoyo. Nilikuwa naogopa, siwezi kusema uongo. Lakini nilipomwangalia Feza nilimwona ameanza kutabasamu. Akasema, "Kwa hiyo ni jua. Ni jua tu njo lilikuwa linanipasulia." Na akacheka, mgongo wa mkono mdomoni, vile vile kabisa kama mama yake.

Nilikusudia kulala Wamaza siku moja. Mvua iliamua vingine, na kusema kweli hata bila mvua nisingeondoka. Tulitwanga vigae vya nyungu ya Kashindi iliyokuwa imevunjika na kutupwa nyuma ya jiko. Tulichekecha, konzi moja kwa konzi tatu. Feza alifinyanga nyungu saba ndogo, na mimi nikafinyanga kitu kimoja ambacho hakuna aliyethubutu kukipa jina. Tukaviweka juu ya jiko. Kwa siku saba wifi yake alipika huku anaangalia juu kwa wasiwasi, maana aliogopa kwamba marehemu atakuja kukagua. Kila asubuhi Feza alivigeuza, akavisugua kwa kile kijiwe cheusi mpaka vikang'aa bila rangi yoyote.

Siku ya kuchoma, uwanja ulijaa. Si ajabu, habari zilikuwa zimefika mpaka vijiji vya jirani. Nyasi, magome, moto. Mara tatu zile za zamani, walinieleza, mlio wa kupasuka ulianza mapema, kama mahindi kwenye kikaango. Tulikaa tunasikiliza. Feza alikuwa amenishika mkono na sidhani kama alijua amenishika. Ukatoka mlio mmoja, pa! Watu wakaguna. Tukangoja wa pili. Haukuja.

Moto ulipokufa Feza alitoa nyungu moja moja kwa mti mrefu. Alizigonga kwa kidole, na kila moja ilijibu kwa sauti nyembamba, safi, kama kengele. Saba. Kilichopasuka kilikuwa kile changu, na watu walikishangilia kuliko vyote.

Niliporudi Kasongo niliandika mchezo upya. Bibi Kashindi sikumtia ndani, kwa heshima. Nilitia kazi tu. Mkuu wa redio alisoma kurasa mbili akaniambia Jumamosi ni yangu. Yule mama muuza samaki alikuja mpaka dukani kunieleza kwamba bibi yake alikuwa akisema maneno yale yale ya mikono miwili, na akauliza nimeyatoa wapi. Nikamwambia, Wamaza. Huo si uongo.

Mume wangu, ambaye anapenda kila kitu kiwe na sababu, alisema kwamba habari ya vigae nilikuwa nimeshaisoma kwenye simu, jua lilikuwa kali, kichwa kikanichezea. Nikamwambia ni kweli, vigae viko kwenye simu. Na kijiwe? Na neno lile? Akaenda kupanga vitambaa vilivyokuwa vimeshapangwa.

Niliiuliza na simu pia, kwa nini nifiche? Niliiandikia kisa chote. Ilijibu kwa adabu kwamba haiwezi kuthibitisha wala kukanusha nilichokiona, kwamba joto na uchovu huweza kumfanya mtu aone mambo, kwamba huenda yupo mtu aliyekuwa akiijua siri ya Feza. Ikaniuliza kama siku ile nilikuwa nimekunywa maji ya kutosha. Nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akatoka. Sikuchukia. Ilikuwa inasema inachokijua, na pale inapoishia inasema kwamba inaishia. Bado naitumia. Kila nikiandika juu ya jambo nisilolijua naanza nayo: inanipa maswali, mimi napanda pikipiki.

Ila kiganja changu cha kulia hakikurudi kama zamani. Ni baridi mpaka leo, hapo kijiwe kilipokaa. Nesi amekishika akatikisa kichwa. Si baridi ya kuumiza. Msimu wa joto mume wangu, huyo huyo mtu wa sababu, huniomba nimwekee shingoni, na jirani zangu huniletea watoto wenye homa niwashike paji la uso. Feza ana wasichana wanne anaowafundisha sasa, na chumvi inauzwa na wifi yake.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata Feza simwambii. Siku ile, baina ya kijito na Wamaza, nyuma ya pikipiki, nilianza kulitengeneza lile neno. Nilikuwa sijui maana yake. Niliona limekaa vibaya, kama sentensi ya mtu asiyejua kuandika, na mimi ni mwandishi. Nilikuwa nimeshaliandaa jingine kichwani, zuri zaidi: mama yako anakusalimia, anasema usiwe na wasiwasi. Ndilo ambalo ningelisema. Ni hofu ya pale majivuni tu iliyonifanya nisome daftari kama lilivyo, kwa kuwa nilikuwa siwezi kufikiri. Ningelisema lile langu, Feza angeniambia asante, na leo angekuwa bado anauza chumvi na kuamini kwamba alichelewa.

Kwa hiyo wewe unayeandika, au unayetaka kuandika, nakuonya kwa wema. Uliza simu yako usichokijua, haina ubaya. Halafu toka, uende kwa watu. Na siku utakapokutana na mtu, njia ya Wamaza au njia nyingine yoyote, akakupa neno la kupeleka, hata kama hulielewi, hata kama halikai vizuri mdomoni, usiliguse. Lipeleke hivyo hivyo.